Namba ya mashine ya sukari iaminiwe kwa kiasi gani?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumzie mashine ndogo za kupima sukari, hizi ambazo mgonjwa wa kisukari hukaa nazo nyumbani. Siku hizi zinapatikana karibu kila duka la dawa mjini, na hilo ni jema. Shida ni kwamba mtu hupewa mashine, akaonyeshwa pa kutoboa na pa kuweka damu, basi. Hakuna anayemwambia namba itakayotokea kwenye kioo aiamini kwa kiasi gani. Mmoja anapima anaona 9.4, anarudia papo hapo anaona 8.6, anaitupa mashine kabatini akisema imekufa. Mwingine anamenya chungwa, anapima, anaona 15.8, anajidunga insulini ya kushusha sukari ambayo mwilini mwake haimo. Wa kwanza ameacha kupima bila sababu. Wa pili anaweza kuzimia kabla jioni haijafika.

Tuanze na kile ambacho mtengenezaji mwenyewe ameahidi. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi ni ISO 15197, na toleo linalotumika ni la mwaka 2013. Linasema hivi: katika kila vipimo 100, angalau 95 visipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15 pale sukari inapokuwa 5.55 milimoli kwa lita au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83. Toleo la kabla yake, la 2003, liliruhusu hadi asilimia 20 kwa sukari ya juu, kwa hiyo mashine ya siku nyingi iliyorithiwa kwa shangazi huenda ilitengenezwa kwa sharti legevu zaidi.

Sasa tuyaweke maneno hayo kwenye kidole. Sukari ya kweli ikiwa 10.0, mashine nzuri kabisa inaweza kuonyesha 8.5, inaweza kuonyesha 11.5, na zote mbili zimo ndani ya kiwango. Sukari ya kweli ikiwa 4.0, mashine inaweza kusema 3.2 au 4.8. Yule aliyeona 9.4 na 8.6 hakudanganywa, kwani huenda damu yake ilikuwa 9.0 na mashine ikaizunguka. Tena bado vimebaki vile vipimo vitano katika mia ambavyo kiwango kinaviruhusu kutoka nje ya mpaka. Tangazo linalosema mashine fulani ina usahihi wa asilimia 100 linasema jambo ambalo hakuna mashine ya nyumbani inayoliweza, na tunaomba magazeti yetu yaulize kabla ya kulichapisha.

Kupata kibali nako hakumalizi kazi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya huru yaliyofanywa Marekani kwa mashine 18 ambazo tayari zilikuwa zikiuzwa madukani. Kila mashine ilijaribiwa mara tatu, katika tafiti tatu tofauti. Zilizofaulu zote tatu zilikuwa 6 tu, na 4 hazikufaulu hata moja. Hayo yalifanywa na watu waliofunzwa, kwa stripu (vile vijikaratasi vya kuwekea damu) zilizotunzwa vizuri, katika chumba chenye joto la wastani. Nyumbani kwetu, penye jasho, vumbi na stripu iliyokaa juu ya friji miezi minane, hali haiwezi kuwa bora kuliko hiyo.

Lakini makosa makubwa, yale ya kumfanya mtu aone 16 mahali pa 7, kwa kawaida hayatoki ndani ya mashine. Yanatoka kidoleni na kwenye kikopo cha stripu. Ili kuona kwa nini, inabidi kujua stripu inafanya nini. Kwenye ncha yake pana mfereji mwembamba unaonyonya damu wenyewe. Ndani ya mfereji huo kimekaushwa kimeng'enya kinachoishughulikia glukosi, yaani sukari ya damu, na kutoa elektroni, na pembeni yake zimo elektrodi zinazopeleka mkondo mdogo sana wa umeme kwenye mashine. Mashine huupima mkondo huo kwa sekunde chache na kuugeuza kuwa namba. Haioni sukari. Inahesabu umeme, na chochote kinachoongeza au kupunguza umeme huo kinaingia kwenye namba.

Damu inayotumika ni kidogo mno. Mashine nyingi za sasa zinataka maikrolita 0.3 hadi 1. Chukua tone la maikrolita 0.5 la mtu ambaye sukari yake ni 5.0. Ukipiga hesabu, glukosi yote iliyomo kwenye tone hilo ni kama maikrogramu 0.45, yaani chini ya nusu ya sehemu moja ya milioni ya gramu. Maana yake, ikiwa kwenye ngozi pameganda maikrogramu 0.45 nyingine ya glukosi, tone litazibeba zote mbili na mashine itaandika 10. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, na kidole hakitanata. Fikiria mtu aliyefuturu. Ameshika tende tatu, amejifuta kwa leso, kisha anachukua mashine. Tende ni sukari zaidi ya nusu ya uzito wake, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ni glukosi na fruktosi. Mabaki ya tende kwenye ncha ya kidole yanatosha kuzidisha namba mara mbili au tatu. Asali ni hivyo hivyo, na zabibu, na chungwa, na ndizi mbivu, na baadhi ya losheni za mikono zilizotiwa sukari au asali.

Wengi hudhani pamba ya spiriti inamaliza jambo hilo. Haimalizi. Watafiti wa Japani walilijaribu na kuchapisha mwaka 2011: watu walimenya matunda, wakapimwa, namba zikapaa. Kufuta kwa spiriti hakukuzirudisha mahali pake, kunawa kwa maji ya bomba kukazirudisha. Spiriti inaua vijidudu na kusambaza sukari, haiiondoi. Halafu isipokauka, inachanganyika na tone na kuliharibu kwa njia nyingine.

Kwa hiyo: nawa kwa maji na sabuni, suuza, kausha kabisa. Neno kabisa tunalisisitiza, maana maji yaliyobaki kwenye mistari ya kidole yanazimua damu na kushusha namba. Sehemu za baridi kama Lushoto au Njombe, tumia maji ya vuguvugu ili damu ishuke vidoleni, kisha ning'iniza mkono chini kwa nusu dakika. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati ambako pana mishipa mingi ya fahamu, na uzungushe vidole ili kimoja kisichakae. Kidole kisitoe damu vizuri, kikande taratibu kuanzia kwenye shina kuelekea juu. Usikibane kwa nguvu karibu na tundu, kwa sababu majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili yatatoka pamoja na damu na kuichanganya. Ukiwa safarini na hakuna maji, toboa, futa tone la kwanza kwa pamba kavu iliyo safi, pima tone la pili. Mikono ikiwa imenawiwa na kukauka, tone la kwanza linafaa na hakuna haja ya kulitupa.

Stripu iguse ukingo wa tone na kuachwa inyonye. Ukiipaka damu juu kama rangi, au ukiikandamiza kwenye ngozi, mfereji haujai sawasawa. Mashine nyingi za sasa hugundua upungufu na kuonyesha kosa, lakini si zote. Usiongeze tone la pili juu ya la kwanza isipokuwa karatasi ya maelezo imeruhusu waziwazi, na ndani ya sekunde ilizotaja. Kisindano kiwe kipya, na kalamu ya kutobolea isiazimwe hata kwa mke au mume: homa ya ini ya aina B hupita kwenye damu ambayo jicho haliioni.

Sasa stripu yenyewe. Hapa pwani ndipo tunapopoteza stripu nyingi bila kujua. Kikopo kile si pambo la kufungashia. Kwenye kifuniko au kwenye kuta zake imewekwa dawa ya kunyonya unyevu, na kifuniko kimetengenezwa kibane kwa kusudi hilo. Ukikiacha wazi huku unatafuta kalamu ya kutobolea, hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja inaingia na unyevu wake wote. Kimeng'enya na kemikali inayobeba elektroni huanza kubadilika kabla damu haijafika. Stripu iliyoharibika hivyo haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Inaingia kwenye mashine, inakubaliwa, inatoa namba. Mara nyingine namba hiyo iko chini, mara nyingine iko juu, nawe huna dalili yoyote ya kukuonya.

Toa stripu moja, funga kikopo hapo hapo, ndipo uendelee na mengine. Usihamishie stripu kwenye kikasha kingine wala kwenye mfuko wa plastiki. Wapo wanaochanga fedha, wakanunua kikopo cha stripu 50 na kugawana nusu kwa nusu, mmoja akaondoka na zake 25 kwenye karatasi. Tunaelewa ni bei inayowasukuma, ila zile 25 haziwezi kuaminiwa baada ya siku chache za hewa yetu. Wanaogawana ni heri wanunue aina ambayo kila stripu imefungwa peke yake kwenye karatasi ya foili. Usichanganye stripu za kikopo cha zamani na kipya. Andika kwa kalamu ya wino tarehe uliyofungua, kwa kuwa aina nyingi hutakiwa kumalizwa ndani ya miezi 3 hadi 6 tangu kufunguliwa, hata kama tarehe ya mwisho iliyochapishwa bado iko mbali.

Joto nalo. Aina nyingi huandikwa zisizidi nyuzi 30 za Selsiasi. Mchana wa Januari au Februari Dar es Salaam hupita hapo, na chini ya bati lisilo na dari hupita mbali. Kwenye gari lililoegeshwa juani ni tanuri. Weka kikopo katika chumba chenye kivuli na hewa, ndani ya boksi lake, mbali na jiko na dirisha. Usikimbilie friji, maana ukitoa kikopo baridi na kukifungua, mvuke wa hewa unatua ndani kama umande. Wagonjwa wengi wasio na umeme hutunza insulini kwenye mtungi wa udongo wenye maji, na ni njia nzuri kwa insulini. Stripu zisiwekwe humo, kwa sababu baridi ya mtungi inatokana na unyevu, na unyevu ndio adui wa stripu.

Ukiwa na mashine ya zamani inayodai namba ya msimbo au kijichipu kwa kila kikopo, hakikisha vinalingana kila unapofungua kikopo kipya. Zinazojipanga zenyewe hazina usumbufu huo, nasi tungeshauri anayenunua leo achukue hizo.

Utajuaje basi kama stripu na mashine viko salama? Kwa maji ya kukagulia. Hii ni chupa ndogo ya maji yenye kiasi cha glukosi kinachojulikana, na tunasikitika kusema ni bidhaa ambayo wauzaji wengi hawaiweki kabisa. Kwenye kikopo cha stripu umeandikwa mpaka ambao maji hayo yanatakiwa kusomeka, tuseme kati ya 5.6 na 7.6. Mpaka huo hutofautiana kwa kila toleo la stripu, kwa hiyo soma wa kikopo chako, usikariri wa zamani. Tikisa chupa, dondosha tone la kwanza ulitupe, dondosha la pili juu ya kifuniko kisafi cha plastiki, kisha gusisha stripu kwenye tone hilo. Usiguse stripu kwa mdomo wa chupa, utaichafua chupa nzima. Mashine nyingi zina alama ya kubonyeza ili jibu hilo lisiingie kwenye wastani wa vipimo vyako. Fanya hivyo unapofungua kikopo kipya, mashine inapoanguka, kikopo kinapoachwa wazi au juani, na kila namba inapogombana na unavyojisikia. Jibu likitoka nje ya mpaka, rudia kwa stripu nyingine. Likitoka tena, jaribu kikopo kingine. Likiendelea, tatizo ni mashine au maji yenyewe yamepitwa na wakati: chupa ikishafunguliwa, kwa kawaida hudumu miezi 3. Na lazima yawe ya mtengenezaji yule yule, kwa mashine ile ile.

Tuseme pia yale ambayo maji hayo hayawezi kukuambia. Yanathibitisha kwamba mashine na stripu vinafanya kazi pamoja. Hayakuambii kama kidole kilikuwa kisafi, wala kama damu yako ni ya namna ambayo mashine inaiweza.

Njia ya pili ni kulinganisha na maabara, na hapa ndipo panapotokea ugomvi mwingi usio na sababu. Mtu anapima nyumbani saa moja asubuhi, anapanda daladala, anatolewa damu saa tatu, kisha anaweka namba mbili pembeni kwa pembeni na kulaani mojawapo. Sukari haikumsubiri. Ukitaka ulinganisho wa haki, nenda na mashine yako maabara kabla hujala chochote. Nawa hapo hapo, na upime kidole ndani ya dakika 5 za kutolewa damu ya mshipani. Usipime ukiwa umeshiba, kwa kuwa baada ya chakula damu ya kidole huwa na sukari zaidi kuliko ya mshipa, mara nyingine kwa milimoli 1 au 2 au hata zaidi, na mashine italaumiwa kwa kusema kweli.

Muulize pia mhudumu wa maabara, kwa adabu, sampuli itasubiri muda gani. Chembe nyekundu zinaendelea kula glukosi zikiwa ndani ya chupa: kwa joto la kawaida la chumba sukari hushuka kama asilimia 5 hadi 7 kila saa ikiwa plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, haijatenganishwa. Chupa yenye kifuniko cha kijivu ina floridi ya kuzuia hilo, lakini floridi huchukua saa moja na zaidi kukamata kazi sawasawa. Sampuli ya 8.0 iliyokaa saa mbili mezani ikingoja umeme inaweza kutoka 7.0, na hapo mashine iliyoandika 8.3 itaonekana imepotea. Sisi wa maabara tunapaswa kulisema hili wazi, maana jibu letu nalo hutegemea tulivyoishika damu.

Ukishapata namba mbili, toa ya maabara kwenye ya mashine, gawanya kwa ya maabara, zidisha kwa 100. Maabara 8.0, mashine 9.0: tofauti ni asilimia 12.5, imo ndani. Ulinganisho mmoja hautoshi kuhukumu. Fanya hata mara tatu, siku tofauti. Zote zikienda upande mmoja kwa zaidi ya asilimia 15, badilisha mashine.

Sasa damu yenyewe, jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko linavyopewa. Mashine hizi zimepangwa kwa mtu mwenye chembe nyekundu za wastani. Chembe zikipungua, kila tone lina plazima zaidi na glukosi inakifikia kimeng'enya kwa urahisi zaidi. Mkondo unaongezeka, namba inapanda bila sukari kupanda. Chembe zikizidi, kinyume chake. Nani wana upungufu wa damu hapa kwetu? Wajawazito wengi, wenye selimundu, wenye figo zilizochoka, wenye minyoo ya safura, na mtoto anayeugua malaria kali. Malaria kali yenyewe hushusha sukari, na kwinini inaishusha zaidi. Mtoto huyo akipimwa kwa mashine isiyosahihisha upungufu wa damu, 3.6 inayosomeka inaweza kuwa chini ya hapo, na wauguzi wakadhani bado kuna nafasi. Mashine mpya nyingi hujisahihisha, ila ndani ya mipaka. Fungua karatasi ya maelezo utafute neno hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Utakuta mpaka kama asilimia 35 hadi 55 kwa mashine dhaifu, au 20 hadi 60 kwa zile bora. Mjamzito na mwenye selimundu wachukue yenye mpaka mpana.

Aliyekaukiwa maji kwa kuhara au kwa sukari iliyopanda sana, au aliye katika mshtuko, damu haifiki vidoleni vizuri na mashine inaweza kusoma chini ya ukweli. Huyo ni wa hospitali, na apimwe damu ya mshipani. Vitamini C ya kiwango kikubwa, hasa ya kuchomwa mshipani, hupandisha namba katika mashine nyingi. Stripu zinazotumia kimeng'enya cha glukosi oksidesi huathiriwa na oksijeni, hivyo waongoza watalii na wapagazi wenye kisukari wanaopanda Kilimanjaro wasome kimo cha mwisho kilichoandikwa kabla ya kuiamini mashine Kibo.

Kioo kikiandika HI, maana yake si mashine mbovu. Ni kwamba sukari imepita kiwango cha juu inachoweza kusoma, mara nyingi 33.3. LO ni chini ya 1.1. Nawa, rudia mara moja, na ikirudi vile vile ni dharura. Angalia pia kipimo kilichoandikwa pembeni mwa namba. Hapa tunatumia milimoli kwa lita, lakini mashine iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani husoma miligramu kwa desilita: 126 ya kule ni 7.0 ya huku. Gawanya kwa 18. Na kabla ya kushukuru zawadi, hakikisha stripu zake zinauzwa mjini kwako, kwani jina la kampuni likifanana haimaanishi stripu zitaingia.

Namba ikigombana na mwili, usiegemee namba peke yake. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, mashine inasema 4.3. Kwa mujibu wa kiwango chenyewe, sukari yake inaweza kuwa 3.5, nasi huita chini ya 3.9 kuwa imeshuka. Apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, asubiri dakika 15, anawe mikono upya, apime tena. Kunawa upya ni lazima: kidole kilichoshika soda, asali au vidonge vya glukosi kitatoa 9 ya uongo, na mtu ataachwa huku sukari ingali chini. Kwa upande wa juu, kabla ya kuongeza insulini kwa sababu ya namba moja isiyotarajiwa, nawa na urudie kwa kidole kingine. Gharama ni stripu moja.

Mashine hizi pia si za kumwambia mtu ana kisukari. Mpaka wa 7.0 kabla ya kula uliwekwa kwa plazima ya mshipani, ndani ya maabara. Mtu aliyeonyeshwa 7.3 chini ya hema, siku ya upimaji wa bure mwezi Novemba, aambiwe aende maabara. Asiambiwe ni mgonjwa, wala mwenye 6.6 asiambiwe yuko salama. Na saa au pete zinazotangazwa mitandaoni kuwa zinapima sukari bila kutoboa ngozi zisinunuliwe. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha hata moja inayopima yenyewe hivyo.

Tuna maombi matatu, Mhariri. Kwa waagizaji na wenye maduka ya dawa: msiuze mashine ambayo hamna maji yake ya kukagulia, na stripu zisipangwe kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana. Kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba hapa Tanzania, wenzao wa Zanzibar, na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya: mashine zipimwe tena zikiwa tayari sokoni, kwa stripu zilizonunuliwa rafuni kama anavyonunua mgonjwa, na majibu yatangazwe kwa jina la mashine na namba ya toleo la stripu. Kwa watengenezaji: karatasi ya maelezo iwe na Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee mwenye macho yaliyoguswa na kisukari anaweza kuzisoma, na mpaka wa hematokriti na wa joto uandikwe nje ya boksi, mahali ambapo mnunuzi anauona kabla hajatoa fedha.

Wafanyakazi wa maabara na kliniki ya kisukari,
Tanga